Sukari ya Damu Hutoka Wapi Mtu Asipokula?

Mtu mzima mwenye afya njema ambaye hajala chochote tangu jana jioni ana takribani gramu 5 tu za glukosi, ambayo ndiyo sukari ya damu, katika damu yake yote, kiasi cha kujaza kijiko kimoja cha chai. Ubongo wake pekee hutumia karibu gramu 120 kwa siku, yaani gramu 5 kila saa, awe amelala fofofo au anapiga hesabu ngumu. Kwa kiwango hicho, glukosi iliyomo ndani ya damu ingekwisha katika muda wa saa moja, na mwenyewe angepoteza fahamu mapema zaidi, kwa kuwa ubongo huanza kulegea kabla sukari haijakauka. Hata hivyo, akipimwa alfajiri baada ya saa 10 au 12 bila chakula, huonekana ana kati ya milimoli 3.9 na 5.5 kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 70 hadi 99 kwa desilita. Kila gramu iliyochotwa imerudishiwa nyingine.

Wengi tumezoea kudhani kwamba sukari ya damu ni ile tuliyoila, na dhana hiyo ni sahihi kwa saa chache tu baada ya mlo. Muda unaobaki, usiku kucha ukiwemo, glukosi inayozunguka mwilini ni kazi ya mwili wenyewe. Sehemu yake imetolewa katika akiba, sehemu imeundwa upya kutokana na mabaki ya glukosi iliyokwisha kutumika, na sehemu imetengenezwa kutokana na vitu ambavyo havikuwa sukari. Njia hizi tatu huchanganywa mara nyingi, ilhali ni ya mwisho tu inayouongezea mwili glukosi ambayo haikuwamo. Nitazifuata moja baada ya nyingine, na nitakawia zaidi kwenye ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Hadi katikati ya karne ya 19, wanasayansi wengi waliamini kwamba mimea ndiyo inayotengeneza sukari na wanyama huivunja tu. Aliyeiangusha imani hiyo ni Mfaransa Claude Bernard. Mwaka 1848 alionyesha kwamba damu inayotoka kwenye ini la mbwa ina sukari hata kama mnyama huyo amelishwa nyama peke yake. Miaka michache baadaye alifanya jaribio ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa katika historia ya tiba. Alilitoa ini la mnyama, akapitisha maji ndani ya mishipa yake hadi maji yanayotoka hayakuwa tena na dalili yoyote ya sukari, kisha akaliacha. Kesho yake alipolipima tena, sukari ilikuwemo kwa wingi. Ini lililokwisha kutengwa na mwili, lisilo na damu wala chakula, lilikuwa limetoa sukari kutoka ndani yake. Mwaka 1857 alifanikiwa kuitenga ile dutu inayoizaa sukari hiyo, akaiita glaikojeni.

Glaikojeni ni maelfu ya molekuli za glukosi zilizounganishwa katika minyororo yenye matawi mengi. Wingi wa matawi una kazi yake, kwani kila tawi lina ncha yake, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, huweza kukata glukosi kwenye ncha nyingi kwa wakati mmoja pale mwili unapohitaji sukari kwa haraka. Baada ya mlo wa kutosha, ini la mtu mzima huwa na takribani gramu 100 za glaikojeni, na misuli yote kwa pamoja huwa na gramu 400 hivi.

Hapa huzuka swali la haki kabisa: ikiwa misuli ina akiba mara nne ya ile ya ini, kwa nini ini ndilo linaloulisha ubongo? Jibu liko kwenye kitu kidogo sana. Kila glukosi inayoingia ndani ya seli, na kila inayokatwa kutoka kwenye glaikojeni, hubeba kikundi cha fosfati, na ikiwa na fosfati hiyo haiwezi kupenya utando wa seli na kutoka nje. Ini na figo zina kimeng'enya kinachoiondoa fosfati hiyo, kiitwacho glukosi-6-fosfatasi, lakini misuli haina. Kwa hiyo glukosi iliyomo ndani ya msuli hufungwa humo na hutumiwa na msuli huo huo. Mguu uliojaa glaikojeni hauwezi kuuchangia ubongo hata molekuli moja kwa njia ya moja kwa moja, ingawa, kama itakavyoonekana, kuna njia ya kuzunguka.

Ini la mtu mwenye kilo 70 aliyepumzika hutoa glukosi kiasi cha gramu 8 kwa saa. Kama gramu 100 zile zingekuwa tegemeo lake pekee, zingekwisha katika nusu siku. Hudumu karibu siku nzima kwa sababu ini halingoji akiba iishe ndipo lianze kutengeneza glukosi. Kufikia asubuhi, baada ya usiku mmoja bila kula, takribani nusu ya glukosi inayotoka inatokana na glaikojeni na nusu nyingine imetengenezwa upya. Kadiri saa zinavyosonga, sehemu ya kwanza hupungua na ya pili huchukua nafasi yake.

Utengenezaji huo wataalamu huuita glukoneojenesisi. Seli inapovunja glukosi, huipitisha katika hatua kumi, na molekuli moja yenye atomi sita za kaboni huwa molekuli mbili za piruveti zenye kaboni tatu kila moja. Mtu angetarajia kwamba ini huzifuata hatua zile zile kinyumenyume, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo, kwani saba kati ya hizo zinaweza kwenda mbele au kurudi nyuma. Zilizosalia tatu hutoa nishati nyingi kiasi kwamba haziwezi kurudi, na ini lina vimeng'enya vinne vya pekee vya kuzizunguka. Cha kwanza hufanya kazi ndani ya mitokondria, vyumba vidogo vya seli ambamo chakula huchomwa kwa oksijeni, na huipachika piruveti atomi moja ya kaboni kutoka katika kabonidioksidi iliyoyeyuka. Cha pili huiondoa kaboni hiyo hiyo. Hatua hizo mbili zinaweza kuonekana kama kazi bure, lakini kule kupachika na kuondoa ndiko kunakoipa molekuli msukumo wa kupanda mlima ambao isingeupanda yenyewe. Cha nne na cha mwisho ni ile glukosi-6-fosfatasi inayofungua mlango wa kutokea.

Msukumo huo una gharama, na gharama hiyo ndiyo ufunguo wa jambo zima. Kuvunja glukosi moja hadi piruveti huipatia seli ATP 2, ambayo ndiyo molekuli inayobeba nishati ya matumizi ndani ya seli. Kuiunda glukosi moja kutokana na piruveti hugharimu nishati ya ATP 6. Anayeziangalia namba hizi haraka huona hasara ya 4 kila mzunguko, na hujiuliza kwa nini mwili ufanye biashara ya namna hiyo mchana na usiku.

Ili kulijibu hilo, tuangalie seli moja nyekundu ya damu. Upana wake ni kama sehemu saba au nane za elfu ya milimita, huishi siku 120 hivi, na ilipokuwa inakomaa ilipoteza kiini chake na mitokondria zake zote. Hubeba oksijeni maisha yake yote bila kuitumia ili kupata nishati, kwa kuwa bila mitokondria haiwezi kuichoma glukosi hadi mwisho, na mafuta haiwezi kuyatumia kabisa. Kilichobaki kwake ni kuivunja glukosi nusu njia, kuchukua ATP 2 zake, kuigeuza piruveti kuwa lakteti na kuimwaga kwenye damu. Lakteti hiyo ina kaboni tatu, na mbili kati yake zina kaboni sita, idadi ile ile iliyokuwamo katika glukosi. Hakuna kaboni iliyopotea. Damu huifikisha kwenye ini, ini huirudisha kuwa piruveti, huiunganisha kuwa glukosi, na huiachilia tena. Kaboni zile zile zinaweza kupita katika seli nyekundu mara nyingi kabla hazijachomwa na kutolewa kwa pumzi.

Mzunguko huu unaitwa mzunguko wa Cori, kwa heshima ya Gerty na Carl Cori, mke na mume waliozaliwa Prague mwaka 1896 na kuhamia Marekani, ambako waliueleza mwaka 1929. Mwaka 1947 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bernardo Houssay wa Argentina, na Gerty Cori akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo katika fiziolojia au tiba.

Sasa turudi kwenye ile hasara ya ATP 4. Ini lililo katika hali ya kufunga halipati nishati yake kwa kuchoma glukosi. Huipata kwa kuchoma mafuta yanayotoka kwenye akiba ya mwili. Nishati ya mafuta hayo hulipia ATP 6, na glukosi inayotoka hubeba sehemu ya nishati hiyo hadi kwenye seli nyekundu, ambayo kwa maumbile yake haiwezi kugusa mafuta. Kwa maneno mengine, mzunguko wa Cori ni njia ya kuzifikishia nishati ya mafuta seli zisizoweza kuyala mafuta, na glukosi ni mchukuzi tu. Ninaamini kwamba anayeishika hoja hii moja ameelewa sehemu kubwa ya mada, kwa maana huacha kuitazama lakteti kama uchafu. Lakteti imesingiziwa mengi, ikiwemo kwamba ndiyo inayosababisha maumivu ya misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi, wakati ambapo kiwango chake katika damu hurudi chini katika muda wa saa moja hivi baada ya mtu kupumzika. Moyo wenyewe huichukua lakteti na kuichoma. Na hii pia ndiyo ile njia ya kuzunguka niliyoitaja: glaikojeni ya misuli iliyofungwa isitoke kama glukosi huweza kutoka kama lakteti, ikaenda kwenye ini na kuwa sukari ya damu.

Lakini mzunguko huu, pamoja na manufaa yake yote, hauongezi glukosi. Ubongo, tofauti na seli nyekundu, huichoma glukosi hadi ikawa kabonidioksidi na maji, na kaboni hizo huondoka mwilini moja kwa moja. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na lakteti itokanayo na glukosi ile ile. Lazima kaboni mpya zipatikane, na mwili una vyanzo viwili vikubwa.

Cha kwanza ni gliseroli. Mafuta ya akiba yameundwa kwa asidi tatu za mafuta zilizoshikwa na gliseroli moja, na yakivunjwa, gliseroli hiyo yenye kaboni tatu huenda kwenye ini, ambako mbili kati yake huwa glukosi moja. Asidi za mafuta zenyewe, ambazo ndizo sehemu kubwa ya akiba, haziwezi. Hukatwa vipande vya kaboni mbili mbili, na hakuna kimeng'enya cha binadamu kinachoweza kukirudisha kipande cha namna hiyo kuwa piruveti. Kikiingia katika mzunguko wa Krebs, yaani mfululizo wa hatua ambazo seli hutumia kuchoma kaboni, kikiwa na kaboni zake mbili, kaboni mbili hutoka kama kabonidioksidi kabla ya kufika mahali pa kugeukia kuelekea glukosi, hivyo faida ni sifuri. Mbegu inayochipua ina njia ya mkato ya kukwepa upotevu huo, ndiyo maana huweza kuyageuza mafuta yake kuwa sukari ya kukuzia chipukizi. Sisi hatuna, isipokuwa kiasi kidogo kinachotokana na asidi chache za mafuta zenye idadi witiri ya kaboni.

Chanzo cha pili ni protini, hasa ya misuli. Katika njaa, misuli huvunja baadhi ya protini zake na kusafirisha asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga protini, na mbili zinazotawala msafara huo ni alanini na glutamini. Alanini huenda kwenye ini, huvuliwa naitrojeni inayogeuzwa kuwa yurea na kutolewa kwa mkojo, kisha kaboni zake huwa glukosi. Inapasa kuwa mwangalifu hapa. Alanini nyingi huundwa ndani ya msuli kwa kuipachika piruveti naitrojeni ya asidi amino nyingine, na ikiwa piruveti hiyo ilitoka kwenye glukosi, basi tumerudi kwenye mzunguko ule ule uliobeba naitrojeni njiani. Ni pale tu mifupa ya kaboni inapotoka kwenye protini yenyewe ndipo mwili hupata glukosi mpya, na bei yake ni nyama ya mwili.

Glutamini kwa sehemu kubwa huenda kwenye figo, kiungo ambacho husahaulika kabisa katika mazungumzo ya sukari. Kwanza, figo huzuia upotevu. Huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku, ambazo hubeba glukosi ya zaidi ya gramu 150, na kwa mtu mwenye afya karibu yote hurudishwa kwenye damu kabla mkojo haujakamilika. Uwezo huo una kikomo. Sukari ikipita takribani milimoli 10 kwa lita, vibebaji hulemewa na glukosi huanza kuonekana kwenye mkojo. Pili, figo hutengeneza glukosi, na baada ya siku nyingi bila chakula mchango wake hukaribia nusu ya glukosi yote inayotengenezwa mwilini. Njaa ya muda mrefu huijaza damu asidi za ketoni, ambazo ini huziunda kutokana na asidi za mafuta, na figo huivunja glutamini ili ipate amonia ya kuisaidia kuiondoa asidi hiyo kwa mkojo. Kaboni zinazobaki baada ya kazi hiyo hazitupwi, hugeuzwa kuwa glukosi.

Anayeiongoza shughuli hii yote ni kongosho kwa sehemu kubwa. Sukari ikishuka hadi karibu milimoli 4.5, ambacho bado ni kiwango cha kawaida, seli zake za beta hupunguza insulini, homoni inayoishusha sukari, na kule kupungua peke yake kunatosha kuliruhusu ini kuongeza kazi. Ikifika karibu 3.8, seli zake za alfa humwaga glukagoni, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, homoni mbili zinazoamrisha glaikojeni ikatwe katika muda wa dakika chache. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo, huja taratibu, kwa saa nyingi, na huongeza vimeng'enya vya kutengeneza glukosi pamoja na malighafi ya asidi amino. Mtu huanza kutetemeka, kutokwa na jasho na kuchanganyikiwa sukari inapokaribia milimoli 3, baada ya ngazi hizo kupitwa. Homoni za kuipandisha sukari ni kadhaa, na ya kuishusha ni insulini peke yake.

Ubongo usingebadilika katika njaa, mtu angeimaliza misuli yake katika muda wa wiki chache. Katika miaka ya 1960, George Cahill na wenzake walifanya uchunguzi Boston kwa watu wenye unene uliokithiri waliojitolea kukaa wiki 5 hadi 6 bila chakula chini ya uangalizi wa madaktari. Waligundua kwamba ubongo hujifunza kutumia ketoni hizo hadi zikatimiza takribani theluthi mbili ya mahitaji yake. Matumizi yake ya glukosi hushuka kutoka gramu 120 hadi 40 hivi kwa siku, na upotevu wa protini hupungua kwa kiasi kikubwa. Mafuta, ambayo hayawezi kuwa glukosi, hupata njia nyingine ya kuufikia ubongo.

Mfumo huu ukiharibika mahali fulani, umuhimu wa mahali hapo huonekana waziwazi. Watoto wanaozaliwa bila glukosi-6-fosfatasi, hali iitwayo ugonjwa wa von Gierke, wana glaikojeni tele na vimeng'enya vya kutengeneza glukosi, lakini mlango wa mwisho umefungwa kwa njia zote mbili. Ini huvimba, lakteti hujaa kwenye damu, na sukari huporomoka saa chache tu baada ya kula, hivyo hulazimika kulishwa mara kwa mara na kupewa wanga mbichi wa mahindi unaomeng'enywa polepole usiku. Kwa mtu mzima, pombe inaweza kuleta hatari inayofanana. Ini linapoichoma pombe, mizani ya kemikali ndani ya seli hubadilika na piruveti huelekezwa kuwa lakteti, hivyo utengenezaji wa glukosi mpya hukwama. Aliyekula vizuri analindwa na glaikojeni yake. Aliyekunywa sana bila kula kwa siku nzima hana ulinzi huo, na sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia huku walio karibu wakidhani amelewa tu.

Katika kisukari cha aina ya pili, ini haliisikii insulini ipasavyo na huendelea kumwaga glukosi ilhali damu imeshajaa. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kulala bila chakula cha jioni na kuamka na sukari ya juu, jambo linalowakatisha tamaa wengi wanaodhani wamekosea mahali fulani katika mlo wao. Dawa iitwayo metformini husaidia hasa kwa kupunguza uzalishaji huo wa ini.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambako insulini haipo kabisa, ini hufanya kazi kana kwamba mwili umo katika njaa kali: hutengeneza glukosi na ketoni kwa pamoja bila kizuizi, hadi damu ikawa na asidi inayoweza kuua. Homa au maambukizi huzidisha hali hiyo, kwani kotisoli na adrenalini huongezeka. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii anayetapika au asiyeweza kula hapaswi kuacha insulini yake kwa hoja kwamba hajatia kitu mdomoni. Dozi huweza kurekebishwa kwa ushauri wa daktari, sukari na ketoni zikipimwa kila baada ya saa chache, lakini insulini ya msingi huendelea, kwa sababu ini lake halijaacha kutengeneza sukari.